Tulimpa Gari, Tukamwita Mwanaume

Mwanangu alitoboa ukuta wa gereji kwa ngumi muda mfupi tu baada ya kufanywa mwanaume. Nasema kufanywa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kulikuwa na sherehe, kulikuwa na mbuzi, na mimi nilikuwa katikati ya wanawake waliopiga vigelegele mpaka koo likawasha. Alikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tunaishi Richardson, kaskazini ya Dallas, katika nyumba inayoonekana imara kwa nje, lakini kuta zake za ndani ni nyembamba kama biskuti. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Nikakimbia, nikamkuta amesimama mbele ya tundu, vumbi jeupe limemjaa mkononi, damu inamchuruzika vidoleni.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Nothing. Nimepoteza game."

Mchezo wa simu. Ukuta mzima kwa ajili ya mchezo wa simu. Nilifungua mdomo nimpe maneno yake, halafu nikakumbuka kwamba siruhusiwi, nikaufunga. Nikaenda kuleta bandeji.

Hiyo sherehe lazima niieleze. Sisi tunatoka Meru, na kwetu mvulana hatahiriwi akiwa mchanga. Husubiriwa mpaka abalehe, kisha hutahiriwa na kukaa kando na wenzake wa rika huku wanaume wakimfundisha. Akitoka huko ni mtu mwingine. Mama yake hamchapi tena, hamtumi kuosha vyombo, haingii anakolala. Mwanangu alizaliwa Dallas na hospitali ilimtahiri kabla hata hajafungua macho vizuri. Mama mkwe wangu alilia kwenye simu. "Mmemkata akiwa hana habari," alisema. "Atajuaje kwamba amekua?" Kwa hiyo wanaume wa kanisa letu, Wakenya waliochoka kuona vijana wao wakikua bila mwenyewe, wakatafuta njia yao. Walikodi kambi kando ya ziwa, wakawapeleka vijana huko, wakawafundisha adabu za mtu mzima bila kisu chochote, kisha wakawatoa kwa shangwe. Kila mzazi alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, na nilikuwa nimechoka kuwa mama na baba katika mwili mmoja unaofanya kazi ya uuguzi zamu za saa kumi na mbili.

Siku ya kuwatoa, kaka yangu alikuja kutoka Houston. Anatengeneza magari huko, maeneo ya Gulfton, na hana mtoto wa kiume. Alisimama mbele ya watu wote akamkabidhi mwanangu funguo za gari. Lilikuwa gari kuukuu, la rangi ya fedha, lakini injini aliifungua na kuifunga mwenyewe, na ilikuwa inanguruma kwa afya. Wanaume wakapiga makofi. Wenzake wa rika wakamrukia mwanangu, wakamkumbatia, wakapiga kelele, "Bro! Bro!" Kiongozi wao, mzee mmoja mhasibu mwenye tumbo la heshima, akatugeukia sisi akina mama. "Kuanzia leo, huyu si wa kuchapwa. Si wa kufokewa mbele ya watu. Mkiwa na neno, leteni kwetu."

Kule kwetu kijana akitoka hupewa fimbo, akapewa mbuzi wa kuanzia. Na akitembea na hiyo fimbo, kila jicho la kijiji linamtazama. Sisi tulimpa wetu chuma chenye kukimbia kuliko duma, tukamjazia mafuta, tukampungia mkono.

Mume wangu alipiga simu kutoka barabarani, sijui Arizona, sijui wapi. "Kitanda chake kihamishie gereji," akasema. "Mwanaume halali karibu na mama yake." Basi gereji ikawa kibanda chake cha kiume. Na ukuta wa hicho kibanda ndio alioutoboa.

Nilimpeleka kwa daktari kwa sababu mkono ulivimba. Daktari wake ni mama mmoja mtaratibu ambaye amemjua tangu akiwa na meno ya utoto. Alitazama picha ya mifupa, akasema haijavunjika, kisha akamtuma mwanangu nje na kunikalisha. Aliniuliza kama ana hasira. Nikacheka. Akaniambia mambo ambayo mimi mwenyewe niliyasoma chuoni, nikayafanyia mtihani na kuyaacha hapo hapo kwenye chumba cha mtihani. Kwamba umri huu homoni zinamfanya kijana aone kila jambo kwa ukubwa: tusi, sifa, msichana, mashindano. Kwamba sehemu ya ubongo inayopenda raha na hatari imeshaamka, na ile inayosema ngoja kwanza bado inajengwa, na ujenzi wake ni wa miaka.

"Akiwa peke yake anaweza kukujibu kwa busara hata kukuzidi wewe," akasema. "Mwangalie akiwa na wenzake. Hapo ndipo utamwona."

Nilimsimulia mume wangu. Akaangua kicheko mpaka nikasikia honi ya lori. "Homoni! Kwani sisi hatukuwa nazo?"

Walikuwa nazo. Kaka yangu huyu huyu wa magari, alipokuwa na umri huo, alimpasua mwenzake kichwa kwa jembe kwa sababu alicheka viatu vyake. Nililiona jembe, niliona na nyama nyekundu chini ya nywele. Wazee walimfuata mpaka shambani wakamkalisha chini, wakamfanyisha kazi kwa baba wa yule kijana mpaka kidonda kikapona. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mume wangu huisahau. Alikuwepo mtu wa kumfuata kaka yangu, na alifuatwa kwa miguu, kwa sababu naye alikuwa anakimbia kwa miguu.

Baada ya ukuta zikaja ngumi za watu. Alirudi na mdomo umepasuka. Akarudi tena na shati halina kifungo hata kimoja. Kila nikiuliza, jibu ni moja: "It's fine, Mum." Kisha siku moja nikiwa kazini mama mmoja wa kanisani akanitumia video bila salamu. Niliitazama nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya kahawa.

Ilikuwa sehemu ya kuegesha magari nyuma ya maduka, mchana kweupe. Mwanangu amemkalia kijana mwingine kifuani na anampiga usoni, mkono huu, mkono huu, kama mtu anayeponda nyama. Yule wa chini ameshaacha kujitetea. Mikono yake imelala kwenye lami. Wamezungukwa na vijana wenye simu. Mimi nimeosha maiti, nimefunga vidonda ambavyo sitaki kuvikumbuka wakati wa kula, na bado niliizima kabla haijaisha. Na si kwa sababu ya ngumi. Ni kwamba kati ya ngumi na ngumi, mwanangu alikuwa anainua uso kuangalia kama wanamwona.

Jioni nilimkuta gereji, peke yake, kitandani, amejikunja. Niliingia, nikavunja sheria ya mzee mhasibu, nikamwonyesha simu. Hakukana. Alianza kulia, kile kilio cha mabega, kamasi mpaka mdomoni. "I don't know why I do it, Mum. Nikianza siwezi kuacha. Na wao wakishangilia ndiyo mbaya zaidi."

"Lete funguo za gari."

Alisimama. Kilio kilikatika hapo hapo. "No. Anko alinipa mbele ya kila mtu. Ukichukua watanicheka mpaka nife."

Nilipiga simu kwa mzee mhasibu, maana ndiyo njia tuliyopewa. Alinisikiliza kwa adabu zote. Akasema ni mambo ya wanaume, yatazungumzwa kiume. Sijui kama yalizungumzwa. Nilichokuja kusikia ni kwamba kaka yangu anawaita vijana wa rika Houston, anawachinjia mbuzi, awape mawaidha. Mwanangu aende na mwenzake mmoja, ambaye alikuwa rafiki yake tangu shule ya chekechea, mtoto wa mama tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kanisani. Mimi niende pia, nikapike.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mwanangu anaendesha, rafiki yake kando yake, mimi nyuma na mafriji ya plastiki na hotipoti ya chapati mapajani. Hakuna aliyeniambia nikae nyuma. Wanaume wawili mbele, mwanamke na chakula nyuma, na mimi nikaona ni sawa kabisa. Hata nilitania. Niliwaambia, "Madereva wangu, msinimwagie mchuzi." Wakacheka. Kwa muda mrefu tulikwenda vizuri. Alikuwa anaendesha kwa utaratibu, anaashiria kabla ya kubadili njia, na nikaanza kusinzia nikiwa na furaha ya kijinga kwamba pengine nimekuza mambo.

Tulipopita Huntsville, misonobari ikaanza kusogea karibu na barabara. Pikapu nyeusi ya magurudumu makubwa ilitupita kwa kasi ikaingia mbele yetu bila kuashiria. Mwanangu akafunga breki. Hotipoti ilinipiga kifua. Akapiga honi, ndefu. Mkono ukatoka dirishani mwa pikapu ukaturushia kikombe cha soda, kikapasukia kwenye kioo chetu cha mbele. Barafu na maji mekundu vikatiririka.

Waipa zikafuta. Laiti rafiki yake angenyamaza. Lakini alicheka, akasema, "Bro, utakubali hivyo?"

Niliiona shingo ya mwanangu ikijaa. Nasema kweli, ilijaa, kama ya jogoo. Akakanyaga mafuta.

"Punguza mwendo!" nikasema.

Gari likaongeza.

"Wewe! Nimesema punguza! Mimi ni mama yako, si mtu wa barabarani!"

Hapo ndipo nilipokosea, na kwa mama asiyetoka kwetu lisingekuwa kosa. Nilimfokea aliyetoka kambini, mbele ya mwenzake wa rika, kwa sauti ya kumfokea mtoto aliyemwaga maziwa. Rafiki yake alitoa kicheko kidogo cha puani. Na mwanangu, bila kugeuka, akasema kwa Kiingereza kikavu, "Mum, shut up."

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo maishani.

Akaifikia pikapu, akaenda sambamba nayo, akashusha kioo. Upepo ulijaa ndani, tishu na vifuniko vikaruka. Alimtukana yule mtu matusi ambayo sikujua anayajua. Pikapu ikatusogelea ubavuni. Badala ya kupisha, mwanangu naye akausogeza usukani upande wake, na vyuma vikasuguana. Mlio wa vyuma niliusikia kwenye meno. Nilipiga kelele jina la Yesu. Rafiki yake sasa alikuwa hacheki. Alikuwa amejishikilia kwenye dashibodi, anasema, "Okay, okay, enough, man."

Pikapu ikapunguza mwendo ikabaki nyuma. Nikasema asante Mungu, yule mtu mzima ameona aibu. Sikumaliza hiyo sala. Nilisikia pa, pa, pa, kavu, ndogo kuliko nilivyodhani risasi ingelia, na kioo cha nyuma kikavunjika kikanimwagikia nyweleni. Kitu kilipita karibu na sikio langu. Kiti cha mbele kikatikisika. Rafiki wa mwanangu akasema "Ah," kama mtu aliyechomwa na mwiba, akaangalia bega lake.

Nilifungua mkanda, nikajitupa katikati ya viti. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo, na mimi najua maana yake. Nikavuta leso kiunoni, nikaibandika, nikakandamiza kwa mikono yote miwili na uzito wangu wote. Mtoto wa watu aliniangalia machoni. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. "Aunty," akasema, "don't let go."

"Siachi, baba. Siachi."

Pikapu ilitupita tena ikichomoka mbele. Na gari letu, badala ya kusimama, likaruka likaifuata. Nilidhani nimeona vibaya. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameegemea usukani, macho yanang'aa, pua imetanuka, na uso wake, Mungu anisamehe kwa kusema hivi, uso wake ulikuwa mzuri. Sijawahi kumwona amekuwa hai namna ile. "I got him," alikuwa anasema. "I got him, I got him."

"Mwenzako anakufa! Simama!"

"I got him, Mum!"

Mikono yangu haikuwa yangu. Ningeitoa kwenye lile bega, yule kijana angemalizikia pale kitini. Kwa hiyo niligeuza kichwa nikamng'ata mwanangu. Nilimng'ata mkono, juu ya kiwiko, nikafunga meno kama mbwa, na sikuachia nilipoonja chumvi wala alipopiga ukelele. Gari likayumba. Likakwaruza ukingo wa chuma, likatupa kokoto, likasimama upande upande kwenye nyasi. Chapati zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Nilitema mate nikamwambia apige simu ya dharura, na akapiga, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu.

Polisi walifika kabla ya gari la wagonjwa. Walimlaza mwanangu kifudifudi kwenye nyasi, wakamfunga pingu mpaka waelewe nani ni nani, na mimi sikuweza kwenda kwake kwa sababu bado nilikuwa nimekandamiza. Nilimwona kwa pembe ya jicho, shavu lake kwenye majani makavu, bunduki mbili zimemwelekea. Nilimwomba Mungu asijikune. Mtoto wangu mweusi, mrefu, aliyejaa damu, asije akajikuna tu. Hakujikuna. Helikopta ikaja ikamchukua rafiki yake kwenda Houston. Yule wa pikapu mpaka leo hajajulikana.

Hospitalini kaka yangu alitufikia haraka, na bado alikuwa ananuka mbuzi na moshi. Walikuwa wamemwingiza yule kijana chumba cha upasuaji. Mwanangu aliketi ukutani, mkono umefungwa pale nilipomng'ata, amekodolea sakafu. Kaka yangu alisikiliza mkasa wote. Alitikisa kichwa, akasikitika, akamlaani yule mwenye pikapu. Kisha akamwekea mwanangu mkono begani.

"Lakini hukutetemeka," akasema. "Umerushiwa risasi na bado ukamfukuza. Huyo ni mwanaume."

Na nikauona mdomo wa mwanangu ukisogea. Ulikuwa mwanzo wa tabasamu, mdogo, wa kona moja tu. Mwenzake yuko kwenye kisu na yeye anatabasamu.

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Kilimpata kaka yangu kifuani, chai na kikombe, na nikafuata nyuma yake kwa makofi. Nilimpiga mbele ya wauguzi wenzangu wa jiji lingine. Nilimwambia akimsifu mwanangu tena kwa ujinga, nitamtafutia jembe. Mlinzi akaja. Niliombwa kutoka nje, na ni haki yao, ningekuwa mimi ningemtoa mtu kama mimi.

Kabla sijatoka, mama wa yule kijana akaingia. Alikuwa ameendesha peke yake kutoka Dallas. Alitazama nguo zangu, zilizokuwa zimekauka kwa damu ya mwanawe.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mwanangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma," akasema. Akanipita akaenda kwenye dirisha la mapokezi. Mwanawe aliishi. Mkono haupandi tena kupita bega, na nywele anachanwa na mtu. Mama yake na mimi tunasalimiana, lakini benchi hatukai tena pamoja.

Nje kulikuwa na joto la Houston, lile la kuvuta hewa kama umevaa blanketi usoni. Mwanangu alinifuata. Tuliketi kwenye gari la kaka yangu, milango wazi, magari ya watu yakitafuta nafasi ya kuegesha. Nilikuwa nimechoka sana, nilitaka asiseme lolote.

"Mum, naweza kukwambia kitu na usinipige?"

"Sema."

"It felt good." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Ilikuwa tamu. Hata baada ya yeye kupigwa. Nilijua anatoka damu. Nilikusikia ukipiga kelele. I knew everything, Mum. Na bado ilikuwa tamu kuliko kitu chochote. What's wrong with me?"

Muuguzi ndani yangu alikuwa na jibu. Mama alitaka kumshika yule mtoto ambaye ndiye aliyekaribia kuua mtoto wa mwenzangu, amtikise mpaka ule utamu umtoke masikioni. Nilimpa la muuguzi. Nilimwambia hana wazimu. Nilimwambia mwili wake kwa sasa unamwaga vitu vingi kuliko anavyoweza kubeba, kwamba hatari inakuja kwake imevaa sukari, na kwamba hili hupungua.

"Lini?"

"Si kesho. Miaka kadhaa."

Alifikiri. Alikuwa ametulia, peke yake na mimi, na nikamkumbuka daktari. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Ikitokea tena kesho, utafanya nini?"

Ningependa kuandika kwamba aliniambia ameshakoma. Alijifuta pua kwa bandeji.

"Nitafanya tena," akasema. "Najua nitafanya tena. Hiyo ndiyo shida." Kisha akageuka. "Usinipe gari, Mum. Nitakuomba. Nitakwambia I've changed, na utaniamini. Nitakutukana. Usinipe. Promise me."

Nilimwahidi.

Kaka yangu alilitengeneza lile gari, akalileta Richardson, akalipaki mbele ya nyumba kama kwamba anatupatanisha. Nilizichukua funguo mkononi mwake nikazifutika kifuani. Wanaume wa kanisa walikuja kuniambia kwamba kijana aliyeshatolewa harudishwi utotoni, kwamba ninamharibia jina kwa wenzake. Niliwapa chai nikawaambia chai ikiisha waende. Mume wangu nilimwambia kwenye simu kwamba akitaka mwanaume wa kuendesha hilo gari, arudi nyumbani aliendeshe.

Kisha ikaja ile Jumapili ya alasiri. Vijana wa rika walikuwa wamejaa uani, kuna pati sijui wapi, na mwanangu akaja jikoni kuchukua funguo. Alianza kwa upole. Alinikumbatia. Akasema ameomba Mungu, amebadilika, hata mshauri wa shule amesema. Nikasema hapana. Akasema niwaone wenzake wanavyosubiri. Nikasema nimewaona. Sauti ikapanda. Alifagia sahani mezani kwa mkono mmoja, zikavunjika zote. Alisema yale maneno ya kwenye maegesho ya hospitali aliyasema akiwa na mshtuko, kwamba hayahesabiki, kwamba mimi ni mwehu ninayeng'ata watu, kwamba laiti mama yake angekuwa mtu mwingine. Akanibana kwenye kabati. Amenizidi kichwa kizima na kifua. Ngumi ikaja, ikapita kando ya uso wangu, ikaingia kwenye mlango wa kabati, na mbao zikanirukia shavuni.

Niliogopa. Nilimwogopa mwanangu niliyemnyonyesha. Wenzake walikuwa wamesongamana mlangoni, na mmoja wao alikuwa ameinua simu. Kati ya tusi na tusi, niliona macho ya mwanangu yakienda kwao.

Niliweka mkono kifuani juu ya funguo nikazikandamiza. Alinitukana mpaka sauti ikamkauka. Sikumpa. Nilikuwa nimemwahidi yule mtoto wa kwenye gari la kaka yangu, na huyu aliyesimama mbele yangu hakuwa na uwezo wa kunifungua kwenye ahadi hiyo.